Westani bloti haina mistari: anza na utando, si kingamwili

Westani bloti ni kipimo cha kutambua protini: protini hutenganishwa kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando, kingamwili ya kwanza huishika ile unayoitafuta, na ya pili, iliyobeba kimeng'enya cha HRP, huishika ya kwanza; ukiweka kimiminika cha ECL, HRP hukifanya kiwake. Picha ikitoka tupu, usikimbilie kuagiza kingamwili mpya. Ni ghali, huchelewa kufika, na mara nyingi kosa haliko kwake.

Hatua ya 1: Je, protini imefika kwenye utando?
Kila ukimaliza kuhamisha, kabla ya kuuziba utando (kuufunika kwa maziwa au albumini ili kingamwili zisiushike ovyo), upake rangi ya Ponceau S kwa dakika chache kisha suuza kwa maji. Mistari myekundu ikionekana, protini ipo. Rangi hiyo itatoka yenyewe kwenye TBST, bafa ya kuoshea. Isipoonekana, kagua ulivyopanga: jeli hukaa upande wa elektrodi hasi, utando upande wa chanya. Ukigeuza, protini zote zimeishia kwenye bafa. Utando wa aina ya PVDF nao lazima uloweshwe kwa metanoli kwanza. Miduara myeupe ni viputo vya hewa. Kwa protini iliyo chini ya kilodaltoni 20, tumia utando wa matundu ya mikromita 0.2, la sivyo itapita moja kwa moja.

Hatua ya 2: Protini ipo, mwanga hakuna
Dondoshea kingamwili ya pili kwenye kipande kikavu cha nitroselulosi (aina nyingine ya utando), acha ikauke, kisha weka ECL. Pasipowaka, ama kingamwili hiyo au ECL imeharibika. Pakiwaka, rudi kwenye kingamwili ya kwanza na sampuli, na safari hii pakia pia sampuli ambayo una hakika ina protini hiyo. Hakikisha kingamwili ya pili inalenga mnyama aliyetoa ya kwanza. Na tafadhali soma lebo za bafa zako: sodiamu azaidi, kihifadhi, huzima kimeng'enya cha HRP. Kwenye kingamwili ya kwanza haina shida ukiosha vizuri; kwenye ya pili, umepoteza siku.

Hatua ya 3: Mstari mweupe katikati, au unaowaka na kuzimika
Wengi hapa huongeza kingamwili, na hali huzidi kuwa mbaya. HRP imekuwa nyingi mno, imemaliza ECL yote mahali pale. Kama ulizimua kingamwili ya pili kwa 1:5,000, jaribu 1:20,000, na upunguze protini unayopakia.

Hatua ya 4: Utando mweusi wote
Osha mara tatu, dakika 10 kila mara, kwa TBST yenye Tween-20 (sabuni) asilimia 0.1. Kama unatafuta protini yenye fosfeti, acha maziwa: kaseini yake ina fosfeti pia, na baadhi ya kingamwili huishika. Ziba kwa albumini ya ng'ombe ya asilimia 5.