Somo: Linux imewaka lakini dirisha la kuingilia halitokei

Umewasha kompyuta, nembo imepita, kisha giza. Au kuna kistari kinapepesa kwenye kona ya juu na hakuna kinachoendelea. Wengi hapo hutafuta fleshi wapige mfumo upya. Naomba usifanye hivyo kwanza, maana mara nyingi mafaili yako yote yapo na mfumo wenyewe ni mzima. Iliyoanguka ni programu moja, ile inayochora dirisha la jina na nenosiri. Kwenye muonekano wa madirisha uitwao GNOME ni GDM, kwenye ule wa KDE mara nyingi ni SDDM, na mifumo myepesi hutumia sana LightDM.

Hatua ya 1: Pitia mlango wa nyuma

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Itakuja skrini nyeusi ya maandishi inayoomba jina na nenosiri. Ukiandika nenosiri hutaona chochote, hata nyota. Andika hivyo hivyo kisha Enter.

Ikikataa kabisa, washa upya ufike kwenye menyu ya GRUB, ile inayokuja kabla Linux haijawaka (isipojitokeza, shikilia Shift au gusagusa Esc mara tu kompyuta inapowaka). Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, kisha Ctrl+X. Neno hilo huizuia draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, na badiliko hili ni la mara hiyo moja tu.

Hatua ya 2: Isikilize mashine kabla ya kuigusa

systemctl status display-manager
sudo journalctl -b -p err

Neno sudo huipa amri ruhusa za root, yaani msimamizi wa mfumo. Amri ya kwanza inakuambia kama programu ya kuingilia iko hai au imekufa. Ya pili inatoa makosa yaliyotokea tangu kompyuta ilipowaka. Yasome polepole, hata kama ni mengi. Ukikutana na "No space left on device", umeshapata jibu: diski imejaa.

Hatua ya 3: Angalia diski

df -h

Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi, kwa sababu watu huruka. Niliwahi kukesha nikibadilisha draiva za kadi ya picha kwenye mashine moja, kumbe mstari unaoishia na / ulikuwa unasoma 100%. Diski ikijaa, programu ya kuingilia hukosa hata nafasi ya kuandika mafaili yake madogo ya muda, basi inakufa na kujaribu tena, inakufa tena. Kwenye Ubuntu, Debian na ndugu zao, punguza hivi:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Ya kwanza inafuta nakala za vifurushi vilivyopakuliwa (programu zenyewe zinabaki), ya pili inapunguza rekodi za matukio ya mfumo. Hakuna inayogusa kazi zako.

Hatua ya 4: Draiva

Kama tatizo limeanza baada ya kusasisha mfumo, na una kadi ya NVIDIA, shuku draiva. Kwenye GRUB ingia "Advanced options" uchague kerneli (kiini cha Linux) ya zamani. Ikiwaka vizuri, basi draiva haikujengwa kwa ajili ya kerneli mpya. Kwenye Ubuntu, sudo ubuntu-drivers install kwa kawaida humaliza kazi.

Hatua ya 5: Iamshe

sudo systemctl restart display-manager

MASWALI

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi dirisha linakuja, ila nikiweka nenosiri skrini inazima kidogo halafu inanirudisha palepale. Nenosiri ni sahihi.

Jibu: Hiyo ni tofauti. Nenda skrini ya maandishi, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukiona "root root" badala ya jina lako, faili hilo limebadilishwa mmiliki, mara nyingi kwa sababu mtu aliendesha startx (amri ya kuwasha madirisha) kwa sudo. Lirudishe: sudo chown $USER: ~/.Xauthority. Kama lina jina lako au halipo kabisa, rudi hatua ya 3.

Swali: Nimeweka nomodeset ikawaka. Niiache moja kwa moja?

Jibu: Hapana ndugu. Inazuia draiva ya kadi ya picha kufanya kazi yake, utabaki na picha nzito na vipimo vya skrini visivyo sawa. Itumie kuingia, rekebisha draiva, kisha washa bila hiyo.

Swali: Sina waya wa mtandao. Nikiwa kwenye maandishi nitapakuaje draiva?

Jibu: Andika nmtui. Ni menyu ya kuchagua Wi-Fi kwa vitufe vya mishale, na ipo kwenye mifumo mingi inayotumia NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao.

Swali: Kwangu hakuna kosa lolote, inaishia tu kwenye maandishi kila nikiwasha.

Jibu: Andika systemctl get-default. Ikijibu multi-user.target, mfumo umeambiwa uishie hapo. Andika sudo systemctl set-default graphical.target, kisha washa upya.

Swali: Imekubali mkuu! Ilikuwa multi-user kweli.