Tela likidondoka yadini: namna ya kulifanyia kazi kosa la uzembe lisijirudie

Madereva wengi ninaowapokea hapa yadini Kizota, Dodoma, wana leseni ya daraja E na miaka ya kutosha barabarani. Kufunga tela wanajua. Ukimwamsha mmoja usiku wa manane ukamuuliza, atakueleza hatua zote bila kukwama. Hata hivyo tela hudondoka, nati za tairi huachwa bila kukazwa, turubai hufunguka likapepea hadi Bahi. Kwa hiyo ukimfundisha upya mtu wa namna hiyo jinsi ya kufunga tela, unampotezea muda. Mfundishe kutafuta ni wapi mpangilio wake ulikatika.

Kijana mmoja alirudisha kichwa, yaani gari la mbele linalovuta, chini ya tela lililosheheni mahindi, akasikia loki, yaani taya za chuma mgongoni mwa kichwa, ikilia "kla", akashuka na tochi akachungulie pini, kile chuma cha chini ya tela kinachoshikwa na loki. Simu ikaita. Tajiri, mwenye gari, anataka namba za karatasi za mzigo. Kijana akapanda kabini, akasoma namba, akakata simu, akashuka tena. Sasa akashika mipira ya upepo, akachomeka, akaunganisha waya wa taa, akapandisha miguu ya tela, akaondoka. Getini kuna tuta dogo. Kichwa kikapita, tela likabaki, likapiga pua chini, mipira ikakatika. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu kati yake na ukuta.

Nilipomuuliza kilichotokea alisema, "Nilizembea, mzee." Nikamwambia neno hilo aliweke pembeni kwanza, anieleze dakika moja baada ya nyingine. Tulipofika kwenye ile simu akanyamaza, akajishika kichwa. Kuchungulia pini hakukuwahi kufanyika. Akili yake ilikuwa imeshaweka tiki kwa sababu alishuka na tochi mkononi.

Uzembe mwingi wa kazi yetu huingia kwa mlango huo: kazi inakatizwa katikati, mtu anarudi na kuanzia hatua inayofuata, wakati ile iliyokatizwa haijaisha.

Dakika za kwanza

Ukishaona tela limedondoka, usirudi nyuma haraka ukadhani utalidaka. Vuta hendi breki, washa hazadi, zima injini, shuka. Watu wataanza kusogea kutazama, hasa watoto, na tela lililolalia pua linaweza kuteleza au kulala ubavu. Waondoe. Kama ni barabarani, weka pembetatu zako mbele na nyuma, mbali vya kutosha kwa gari linalokuja kwa kasi kusimama. Nje ya makazi lori linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na lenye mzigo halisimami papo hapo. Akiumia mtu piga polisi 112. Pakiwa na moto au mafuta yanamwagika, zimamoto ni 114.

Kisha piga picha kabla hujagusa kitu: mkono wa loki ulivyokaa, taya zilivyo, mipira, miguu ya tela. Picha hizo utazihitaji usiku ukikaa kutafuta chanzo, na fundi atazihitaji pia.

Halafu mpigie tajiri wewe mwenyewe, kabla mlinzi wa geti hajampigia. Mwambie kilichoharibika na ambacho hukukifanya. Usiseme "loki ina kasoro" wakati hujaikagua. Nimeona vijana wakiisingizia loki, fundi akaifungua akaikuta nzima, na kuanzia siku ile hata walipokuwa na haki hawakuaminiwa.

Kuhusu kukatwa mshahara, jua sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamruhusu mwajiri kukata kufidia hasara iliyotokana na kosa lako kazini, lakini lazima uwe umekubali makato kwa maandishi, naye akueleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi na alivyokipiga hesabu, akupe nafasi ya kupinga, jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Kukiri kosa hakukuondolei haki hizo. Naliandika hili kwa sababu woga wa kukatwa mshahara wote ndio unaowafanya wengi wafiche, na kosa lililofichwa halina wa kulirekebisha.

Usiku huohuo, chukua daftari

Andika mlolongo wa ulichofanya, kuanzia ulipowasha gari. Kila mstari tendo moja. Usiandike hisia, usiandike "sikuwa makini". Andika: nilishuka, nilishika tochi, simu iliita, nilipanda. Ukifika mahali ambapo mkono wako uliacha kitu na kushika kingine, piga mstari chini yake. Mara nyingi hapo ndipo penye jibu lako. Utakuta ni simu, au mtu aliyekuja kukusalimia, au mpakiaji anayedai pesa yake, au mvua iliyoanza ghafla. Wakati mwingine ni usingizi, na huo dawa yake ni kulala, hakuna ujanja.

Kisha chagua badiliko moja tu. Ukijiwekea ahadi kumi utazivunja zote kabla hujafika Manyoni. Badiliko ninalowapa vijana wangu ni hili: kazi ya kufunga tela ikikatizwa, kwa sababu yoyote ile, unaanza upya tangu mwanzo. Huendelei ulipoishia, hata kama una uhakika. Kurudia kunachukua dakika chache, na uhakika wa mtu aliyekatizwa siuamini, uwe wake au wangu.

Ili usisahau, funga kitambaa chekundu kwenye usukani kabla hujaanza. Hakifunguliwi mpaka umezunguka gari lote. Ukipanda kabini kuchukua karatasi, utakiona kimekaa, utajua hujamaliza. Na simu iache kwa utingo. Tajiri akipiga, utingo apokee: "Suka anafunga tela, atakupigia." Tajiri mwenye akili atasubiri.

Mpangilio wenyewe, kwa namna tunavyoufanya hapa

Kwanza safisha. Sisi wa Dodoma tuna adui wetu, vumbi. Kiangazi upepo ukivuma, grisi iliyo kwenye sahani ya chuma mgongoni mwa kichwa hubadilika ikawa tope jeusi lenye mchanga. Tope hilo likiingia kwenye taya, loki hulia lakini haifungi mpaka mwisho. Pitisha kidole: ukihisi mchanga, futa yote kwa tambara lenye dizeli, paka grisi mpya. Wengi hupaka juu ya ile ya zamani, na hapo wanaongeza tope.

Weka mawe au magogo kwenye tairi za tela. Rudi nyuma taratibu ukiwa umenyooka, simama kabla hujagusa, shuka utazame urefu. Tela linatakiwa kuwa chini kidogo kiasi kwamba sahani ikiingia ilinyanyue. Likiwa juu mno, pini hupita juu ya taya na kukaa hapo kana kwamba imefungwa. Hiyo ni hatari kuliko kutofunga kabisa, maana kwenye tambarare kutoka hapa hadi Kintinku linaweza kutulia, likaja kuachia kwenye tuta la kijijini au ukianza kukwea Saranda, gari zikiwa zimekufuata nyuma.

Loki ikilia, vuta mbele kidogo kwa gia ndogo huku tela likiwa limefunga breki. Likigoma, vizuri. Lakini usiishie hapo. Hendi breki, shuka na tochi hata kama ni mchana, maana kule chini ni giza daima. Ingia ubavuni, inama mpaka uione nyuma ya pini. Unatafuta mambo matatu. Kati ya sahani na tumbo la tela pasiwe na mwanga unaopenya. Taya ziwe zimeizunguka pini kwa nyuma yake, zimeshika shingo yake na si kichwa chake. Mkono wa loki uwe umeingia ndani kabisa na kizuizi chake kimekaa. Taja kila kimoja kwa sauti, na utingo akujibu baada ya kukiona kwa macho yake. Sauti hii vijana huionea aibu mwanzoni. Waionee tu, lakini waitoe.

Ndipo uje kwenye mipira. Hapa nitasisitiza kuliko popote: kabla hujaushika mpira mwekundu, rudia kuhakikisha hendi breki ya kichwa imevutwa. Mwekundu ndio unaopeleka upepo unaoachia breki za tela. Ukiuchomeka na kichwa hakina breki, gari zima linaweza kuanza kutembea na wewe umesimama katikati ya kabini na tela. Madereva wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Wa njano ni wa breki za kukanyaga. Baada ya hapo waya wa taa, kisha pandisha miguu mpaka mwisho na ukunje mkono wake, toa mawe, zunguka ukigonga tairi na kukagua taa.

Utingo apewe mamlaka ya kusema, "Suka, bado!" na ukisikia hivyo ushuke bila kubisha. Ukimgombeza mara moja tu, hatasema tena, na siku utakayomhitaji atakuwa amenyamaza.

Safari ya kwanza baada ya kosa

Funga tela mchana, siyo saa kumi alfajiri ukiwahi mizani ya Nala. Mwombe dereva mwingine akague baada yako bila wewe kumwambia ulichoangalia. Kama ulibadilisha tairi, simama baada ya kilomita 50 hivi, ukaze nati upya. Ukiwa Bahi tayari una mahali pa kusimama na pa kupata chai, basi tumia nafasi hiyo: inama tena, tazama mkono wa loki, pitisha mkono kwenye mipira usikilize kama upepo unavuja. Fanya hivyohivyo Manyoni, na tena Singida kabla hujaikabili Sekenke, ambako tela lote linakusukuma kwa nyuma na unashuka kwa gia ndogo tangu juu, bila kuachia frii, yaani bila gia, hata mita moja.

Lile daftari liweke kabini. Ukibadilishiwa utingo, msomee ukurasa wa kosa lako siku ya kwanza, kabla hajapanga nguo zake.