Kabla ya kupata mtoto: pimeni selimundu, wote wawili

Kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao wengi wameuzoea kwa jina la siko seli, kilifuata malaria. Anayekirithi kwa mzazi mmoja, yaani AS, hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimeenea zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi. Uganda ilipopima sampuli za watoto wachanga nchi nzima mwaka 2014 hadi 2015, asilimia 13.3 walikuwa AS. Penye AS 20 katika kila watu 100, ndoa moja kati ya 25 hukutanisha wawili wenye kinasaba hicho, na zaidi wakioana ndugu. Msiangalie mnakoishi leo: aliyezaliwa Arusha, wazee wake wakiwa wa Mara, ajihesabu wa Mara. Wala msitegemee afya, maana AS kwa kawaida haugui.

Kabla ya kutolewa damu, ulizeni maabara wanatumia kipimo gani. Hapa ndipo wengi hukosea. Kile cha bei nafuu, kinachoangalia kama chembe zinajikunja, hujibu chanya au hasi tu. Hakitofautishi AS na SS, yaani mgonjwa aliyerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili, wala hakioni thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi ya damu, ambayo ikikutana na kinasaba cha selimundu huleta ugonjwa. Familia zenye asili ya Oman au Bara Hindi zilizingatie hilo. Ombeni elektroforesisi ya hemoglobini au mashine ya HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za hemoglobini, pamoja na picha kamili ya damu. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu hadi minne: damu ya mchangiaji ikiwa bado inazunguka mwilini, SS anaweza kusomeka AS.

AS na AA, yaani asiye na kinasaba hicho, hawazai SS. AS na SS, kila mimba ni nusu kwa nusu kuwa SS au AS. Wote AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, na kila mimba huanza hesabu upya. Ile imani kwamba mkishapata mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wako salama haina msingi. Majibu hayavunji ndoa. Hata Saudi Arabia, ambako kupima kabla ya ndoa ni lazima tangu 2004, uamuzi hubaki kwa wachumba.

Mmoja wenu akiwa anatumia hydroxyurea, dawa ya selimundu, amwone daktari kabla ya kuacha uzazi wa mpango, asiikatishe mwenyewe.

Mkiamua kuzaa, tafuteni mapema hospitali inayopima watoto wachanga. Mtoto wa SS huanza penisilini V, miligramu 125 asubuhi na jioni, akiwa na miezi miwili hivi, pamoja na chanjo ya nimonia na dawa ya kuzuia malaria. Mama afundishwe kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu. Msingoje dalili: hemoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama humlinda mtoto miezi ya mwanzo, na viganja na nyayo huanza kuvimba mara nyingi baada ya mwezi wa sita, wakati penisilini ilipaswa kuwa imeshatumika kwa miezi kadhaa.