Wavu wa Kudakia Maganda ya Bastola ya Shabaha: Namna ya Kuutengeneza Nyumbani

Mlenga shabaha anayetumia bastola ya .22 LR, yaani ya risasi ndogo za inchi 0.22, katika umbali wa mita 25 hufyatua risasi 60 katika shindano moja, mbali na zile za majaribio, na kila risasi huacha ganda dogo la shaba njano, lenye urefu wa milimita 15 na nusu hivi, ambalo kwa bastola nyingi huruka kulia na kumpiga jirani au kuviringika mbele ya mstari wa kufyatulia, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kukanyaga mpaka msimamizi atangaze kuwa ni salama. Kwa mazoezi ya kila wiki, wavu wa kuyadaka huondoa usumbufu huo wote.

Wapo wanaofunga kifuko kwenye bastola yenyewe. Siwashauri kufanya hivyo, kwa sababu kifuko hubadilisha uzito ambao mkono umeuzoea na huweza kuitoa bastola nje ya vipimo vya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, ambavyo vinataka bastola ya mita 25 iingie katika sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50 na isizidi gramu 1400. Wavu unaosimama wenyewe pembeni hauigusi silaha hata kidogo, na huo ndio ninaoueleza hapa.

Kabla ya kununua chochote, tazama maganda yako yanakwenda wapi. Mwombe msimamizi ruhusa, tundika shuka kuukuu upande wa kulia, kisha fyatua magazini mbili za risasi tano tano huku mwenzako, akiwa amesimama nyuma yako na amevaa miwani ya kinga, akikumbuka mahali kila ganda lilipogonga. Mkimaliza, na bastola ikiwa tupu na bendera ya usalama, yaani alama ya plastiki inayoonyesha kuwa hamna risasi, imo kwenye chemba, wekeni alama za chaki. Bastola yangu hutupa maganda kulia na nyuma kidogo, karibu yote ndani ya eneo lisilozidi ukubwa wa sinia. Yako inaweza kuwa tofauti, na aina ya risasi nayo hubadilisha mambo.

Vifaa ni bomba la plastiki la nusu inchi la mafundi bomba, elbo nne za kona, tii moja (kiungo chenye umbo la T), bomba nene kidogo ambalo lile jembamba linaingia bila kulazimishwa, ndoo tupu ya rangi ya lita 4, zege kidogo, kipande cha chandarua na kamba ya kukazia.

Kata vipande viwili vya sentimita 50 kwa ajili ya pande za wima, kimoja cha sentimita 60 kwa ajili ya juu, na viwili vya sentimita 30 ambavyo vitaunganishwa na tii katikati ya upande wa chini. Lainisha ncha kwa msasa ili zisichane kitambaa. Usitie gundi: viungo vikavu, vilivyoshikwa kwa skrubu moja moja, hukuwezesha kuifungua fremu unapotaka kuufua wavu.

Sasa tunafika kwenye kitambaa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wavu wangu wa kwanza niliukaza kama ngozi ya ngoma, nikiamini kwamba ukikaza utakuwa imara. Ganda liligonga, likadunda, likarudi na kunasa kwenye tundu la kutolea maganda, bastola ikakwama katikati ya mfululizo wa risasi zinazopaswa kufyatuliwa ndani ya sekunde 10. Kitambaa kinapaswa kulegea ili kimeze nguvu ya ganda badala ya kuirudisha. Kwa hiyo, kwa fremu ya sentimita 60 kwa 50, kata chandarua chenye upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 120, weka tabaka mbili za ukubwa huo iwapo matundu yake ni makubwa, kisha shona upindo wa kupitishia bomba pande zote nne huku ukikusanya marinda. Tumbo la wavu litaning'inia upande usiokuelekea wewe na kushuka chini ya bomba la chini, na hapo maganda yatajikusanya yenyewe. Sehemu ya chini kabisa ya tumbo hilo iache wazi na uipitishie kamba, ili uifunge unapofyatua na kuifungua unapomwaga. Kwa bastola ya 9 mm, ambayo ganda lake ni kubwa zaidi na hubeba joto zaidi, shonea kitambaa kizito cha pamba mahali ulipoweka alama za chaki.

Simika bomba nene katikati ya ndoo, mimina zege, uliache likauke siku mbili. Ndoo ikijaa huzidi kilo 9, na upepo wa kawaida hauiangushi. Bomba jembamba linalotoka kwenye tii huingia ndani yake. Toboa matundu kadhaa na uyafunge kwa parafujo ili upandishe au kushusha fremu mpaka katikati yake ilingane na kimo cha bastola mkono ukiwa umenyooshwa.

Uwanjani, weka wavu kati ya sentimita 40 na 50 kutoka kwenye bastola, na uhakikishe ukingo wake wa mbele unabaki nyuma ya mdomo wa mtutu. Usinyooshe mkono kurekebisha wavu huku umeshika bastola. Iweke chini kwanza, tupu. Anayetumia mkono wa kushoto atalazimika kuusogeza mbele zaidi, kwa kuwa maganda hupita mbele ya uso wake.

Unapomwaga, chambua ganda moja moja, kwani risasi iliyogoma kulipuka na kutolewa kwa mkono inaweza kuwa imo humo, na mnunuzi wa vyuma chakavu asije akaitia motoni. Hiyo mkabidhi msimamizi. Masizi yaliyomo kwenye maganda yana risasi, yaani ile metali yenye sumu, kwa hiyo kazi hii isifanyike jikoni. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni, na wavu ufuliwe peke yake.