Somo: Kutunga ngoma ya wafanyakazi wa mwaloni

Ngoma hii haimtaki msanii aje kuigiza kazi ya mvuvi. Mvuvi mwenyewe ndiye atakayecheza, pamoja na muanika dagaa na mbeba beseni. Kule Austin, Marekani, Allison Orr alifanya hivyo mwaka 2009 na wazoa taka wa jiji: walicheza wao na malori yao kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kufungwa. Na jirani zetu Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe mkononi. Mimi nachukua mfano wa mwalo wa Kibirizi, yaani pale ziwani mitumbwi ya uvuvi inapotua, hapa Kigoma.

1. Ruhusa. Pita kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, kisha serikali ya mtaa. Usianzie kwa mpiga picha.

2. Tazama. Fika asubuhi mitumbwi inaporudi, simu ikae mfukoni. Hatua hii msiipite, maana kazi yote iko hapa. Mama anayeanika hamwagi dagaa ovyo. Anachota, anazungusha kiwiko, anawarusha chinichini ili watandazike bila kulaliana, kwa kuwa waliolaliana hawakauki sawasawa. Kisha anarudi nyuma hatua moja asije akawakanyaga. Chota, rusha, rudi. Mkiwaona kina mama watano wakirudi kinyumenyume pamoja, mtajiuliza mnatunga nini tena.

3. Omba ufundishwe. Atakucheka, halafu atakushika mkono akurekebishe. Pale anaporekebisha ndipo penye kiini cha mwondoko, hapo msipabadilishe.

4. Hesabu. Achaneni na moja mpaka nane. Wavuta wavu wana mwito wao: mmoja anaita, wenzake wanaitikia huku wakivuta. Mrusho wa waanikaji uangukie kwenye kiitikio hicho. Visipokutana, wapunguze kasi wavutaji. Muanikaji akiharakishwa, ile duara ya kiwiko inakufa.

5. Ngoma ziingie mwisho. Fanyeni mazoezi ya mwanzo kwa mlio wa beseni na kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Mpiga ngoma akiwahi, watu watakata viuno kama wako harusini na kazi itasahaulika. (Viuno sina ugomvi navyo, vina mahali pake.)

6. Siku. Angalieni mwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa pevu taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo ndizo zenu. Chezeni alasiri, palepale mchangani. Jukwaa la mbao halifai kwa hatua hizi.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Kina mama wetu wanaona haya kucheza mbele za watu. Tufanyeje?*

Marahaba. Usiwaambie wacheze. Waambie waanike, ila kwa pamoja. Yule mkubwa wao asimame katikati, wengine watamfuata. Asiyetaka kabisa aachwe, apewe kazi ya kuita.

*Tuwalipe?*

Ndiyo. Saa ya mazoezi ni saa aliyoacha biashara. Kama fedha ni ndogo, punguzeni mazoezi kabla ya kupunguza malipo. Soda na maandazi si malipo, kaka.

*Sisi tuko Tabora, ziwa hatuna.*

Mna asali! Mrina asali anapanda mti, anapuliza moshi, anashusha kwa kamba, na aliye chini anapokea. Hapo pana juu na chini, kitu ambacho sisi wa mwaloni hatunacho. Mna pia wapakiaji wa mizigo stesheni, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara ya kwenda pwani katika karne ya 19. Ila hao wa misafara hamwezi kuwatazama wakifanya kazi, kwa hiyo anzeni na wa stesheni.

*Dagaa halisi au wa kuigiza?*

Beseni moja la halisi, la yule anayeongoza. Mengine mchanga mkavu. Mkitumia dagaa wote, kunguru watawaharibia onyesho, na mwenye mzigo atawadai.