Namna ya kumtambua ndege karani na kumtazama akiwinda

Tafuta nyasi kabla ya kumtafuta ndege. Karani huwinda kwa miguu, kwa hiyo hupenda nyika yenye nyasi zisizozidi nusu mita, na migunga michache ya kulalia na kujengea kiota. Jaribu Ndutu (kusini mwa Serengeti), Maasai Mara au Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mahali palipoungua karibuni ni pazuri zaidi, maana panzi na panya hukosa maficho.

Usidamke bure. Hushuka mtini saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, na jua likiwa kali hupumzika. Saa mbili hadi saa nne asubuhi zinatosha.

Kwa mbali wengi humdhani korongo, kwani ana kimo cha mita 1.3 hivi. Angalia mapaja: ni meusi, kama amevaa kaptula. Mdomo umepinda kama wa tai, uso ni wa rangi ya chungwa (kinda ana wa njano), na kisogoni ana kishungi cha manyoya meusi. Akiruka, manyoya mawili ya katikati ya mkia hupita hata nyayo. Korongo hana hayo.

Sasa zima injini, umwache mita mia au zaidi, tumia darubini ya 8x au 10x (inayokuza mara 8 au 10). Mtazame hatua zake. Akitembea kwa mwendo ule ule bado anatafuta. Akianza kukanyagakanyaga kichaka cha nyasi anafukua windo. Likitoka hulikimbilia, mabawa nusu wazi, kishungi kimesimama, kisha teke kichwani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016, vya karani aliyefugwa Uingereza, vilionyesha teke lenye nguvu mara 5 ya uzito wake, na mguu kugusa shabaha kwa milisekunde 15 tu. Ukisubiri kuona mdomo ukiinama, umechelewa: hapo anameza, mara nyingi windo zima.

Usikae ukingoja kumwona akiua nyoka. Huwaua kweli, hata wenye sumu, ila chakula chake cha kila siku ni panzi, panya na mijusi.

Akinyanyua kichwa na kuongeza mwendo kukukwepa, umemsogelea mno, rudi nyuma. Kiota, jukwaa pana la vijiti juu ya mgunga, usikikaribie kabisa: wazazi wakifukuzwa, mayai hubaki juani. Tangu 2020 karani ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.