Jinsi ya kuchagua ukubwa wa simu: anza na mkono, inchi baadaye

Ubishi huu nausikia kaunta karibu kila siku. Mmoja anasema simu iliyo chini ya inchi 6.7 ni ya mtoto wa shule. Mwenzake anamjibu kwamba hiyo yake ni sinia, haiingii hata mfukoni. Wanageukia kwangu niamue. Nauza simu na kubadilisha vioo Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na huu ni mwaka wangu wa 11. Mwanzoni nilikuwa naamua kama wauzaji wengi: chukua kubwa, hutajuta. Aliyenifanya niache ni mama mmoja muuza samaki wa Feri.

Alikuja na simu ya inchi 6.8, kioo kimepasuka pembe ya chini kushoto. Miezi minne baadaye akarudi, pembe ile ile. Mara ya tatu sikuchukua bisibisi. Nilimwambia, "Mama, kaa hapo, nioneshe unavyosoma meseji ya M-Pesa ukiwa kwenye daladala." Akasimama, mkono wa kulia akaunyanyua kama ameshika bomba, wa kushoto akatoa simu kwenye kibindo cha kanga. Kidole cha mwisho kikaingia chini ya simu kuishikilia. Kidole gumba kikaanza safari ya kwenda juu kufungua meseji, hakikufika. Akaisukuma simu ishuke kidogo kiganjani, akaisukuma tena, na hapo ikabaki imeshikwa na vidole viwili tu. Tuta moja tu, imekwenda. Vioo viwili alivyokwisha kunilipa vilimtoka kwenye mtaji wa dagaa, na mimi ndiye niliyemuuzia ile simu.

Tangu siku hiyo, kabla sijataja bei namuuliza mteja swali moja: saa unazoshika simu, mkono wa pili unafanya nini? Umeshika bomba la daladala, mtoto, ndoo, chaki, usukani wa baiskeli? Au uko huru, umekaa, kiwiko kipo mezani? Anayetumia simu amekaa, mikono miwili, hiyo kubwa ni yake. Anayetumia amesimama na mkono mmoja tafadhali asikubali kushawishiwa na mtu yeyote, hata na mimi. Mengine yote ninayoandika hapa ni namna ya kupima jibu hilo.

Inchi ya kwenye boksi inapima nini

Inapima kioo kwa mshazari, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Haikwambii kioo kina upana gani, na upana ndio unaoshikwa na mkono. Zamani vioo vilikuwa vifupi na vipana, kwa uwiano wa 16 kwa 9, yaani urefu 16 kwa upana 9. Siku hizi vingi ni 20 kwa 9, virefu na vyembamba. Chukua rula uhesabu: kioo cha inchi 5.5 cha zamani kina upana wa karibu sentimita 6.9. Kioo cha inchi 6.5 cha sasa kina karibu 6.8. Inchi nzima imeongezeka, upana umepungua kidogo. Kilichoongezeka ni urefu.

Ndiyo maana iPhone 8 Plus ya mwaka 2017, yenye kioo cha inchi 5.5 tu, ina upana wa milimita 78.1, wakati iPhone 15 Pro Max ya 2023 yenye inchi 6.7 ina 76.7. Na ile Samsung Galaxy Note ya kwanza ya mwaka 2011 iliyochekwa kwa ukubwa ilikuwa na inchi 5.3, lakini upana wake ulikuwa karibu milimita 83. Galaxy S24 Ultra ya inchi 6.8 ina 79. Kwa hiyo wale wawili wanaobishana kaunta kwa inchi wanaweza kuwa wameshika simu za upana mmoja.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alisema hadharani kwamba simu kubwa hazishikiki mkononi na hakuna atakayezinunua. Mwaka 2012 Apple walipotoka inchi 3.5 kwenda 4 kwenye iPhone 5, walirefusha kioo na upana wa simu ukabaki milimita 58.6 ule ule. Walikuja kupanua mwaka 2014, wakatoa ya inchi 4.7 na ya 5.5. Walipojaribu kurudi kwenye ndogo, iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, zote inchi 5.4, wanunuzi hawakutosha, na 2022 nafasi yake ikachukuliwa na 14 Plus ya inchi 6.7. Wateja wangu walioipata 13 mini hawaiachi, wanarudi kubadilisha betri tu.

Pima kabla ya kwenda dukani

Tafuta simu unayoitaka kwenye tovuti ya GSMArena, angalia vipimo vyake: urefu, upana, unene, na uzito. Usiangalie inchi kwanza. Kisha chukua boksi la viatu, kata kipande cha upana na urefu huo huo. Kama huna rula, tumia kadi ya benki: upande mrefu ni milimita 85.6 na mfupi ni 54. Simu ya upana wa 77 ni kadi iliyolazwa ukipunguza karibu milimita 9.

Kata vipande viwili au vitatu uvibandike pamoja vipate unene. Halafu ongeza uzito, maana hapa ndipo watu wengi wanasahau. Mwambie mwenye duka la jirani akupimie sukari gramu 200, iweke kwenye bahasha, ibandike nyuma ya boksi lako. Galaxy S24 ya inchi 6.2 ina gramu 167. S24 Ultra ina 232, yaani imebaki kidogo tu kuwa robo kilo ya sukari, na bado hujaivalisha kava wala protekta.

Sasa tembea nayo jioni nzima. Ishike kwa mkono ule unaotumia kweli ukiwa njiani, usibadilishe. Peleka kidole gumba ukingo wa pili, katikati ya simu. Kisha kipeleke juu kabisa, pale unaposhusha pazia la taarifa. Huku ukifanya hivyo, angalia kidole cha mwisho. Kikianza kuhama chini ya simu, au kiganja kikianza kufunguka, upana huo si wako. Ukingo wa katikati ukifikika ila juu hapafikiki, hilo linavumilika, kwa sababu kuna njia ya kuishusha sehemu ya juu ya kioo, nitaisema mwishoni.

Ongeza milimita 3 za kava kwenye hesabu yako. Mtu anapima simu ikiwa tupu dukani, anaipenda, kisha anaivalisha kava nene la raba, mkono unakataa. Na simu yenye kingo bapa huhisiwa pana kuliko yenye kingo za mviringo hata kama rula inasema ni sawa, basi ishike yenyewe kabla ya kulipa.

Kwa mikono niliyoipima mwenyewe hapa kaunta, kina mama wengi wanaanza kuhangaika upana ukipita milimita 73 au 74. Wanaume wengi wanafika 77. Hiyo ni mikono ya Kariakoo. Mkono wako unao wewe.

Macho nayo yana haki yake

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani, amepita miaka 60. Yeye ndiye mfano wa upande wa pili, na sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani nasema kubwa ni mbaya. Anasoma Kurani kwenye simu baada ya alfajiri, amekaa mkekani, simu ipo kwenye marfaa. Mkono hauna kazi. Kwake nilichagua kioo kipana kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na ningefanya hivyo tena.

Macho mengi huanza kushindwa vitu vya karibu ukifika miaka 40 na kidogo. Ukikuza maandishi, kinachoamua kama utasoma vizuri ni upana wa kioo, kwa sababu ndio unaobeba maneno ya mstari mmoja. Kioo kirefu kinakupa mistari mingi zaidi, hakikupi maneno zaidi kwa mstari. Kwa hiyo fanya hivi dukani: shika simu, ingia kwenye mipangilio, kuza maandishi mpaka uyasome bila kusogeza simu mbali, kisha fungua meseji ndefu. Mstari ukibeba maneno manne au matano, sawa. Ukibeba mawili, tafuta pana zaidi, au kwanza nenda ukapimwe miwani. Nimewahi kumrudisha mteja aliyekuja kununua simu kubwa. Alikwenda kupima macho, akarudi na miwani yake, simu ya zamani ikamtosha.

Angalia pia pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo cha inchi 6.6 au 6.7 lakini pikseli ni 720 kwa takriban 1600. Hapo inchi moja inabeba pikseli kama 260. Yenye 1080 kwa 2400 inabeba karibu 390. Ukisoma sana, herufi ndogo kwenye ile ya kwanza zina ukungu pembeni, na ukubwa wa kioo haukusaidii kitu.

Mpira na filamu

Hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali, na hesabu yake ni nzuri kuijua. Mechi inarushwa kwa uwiano wa 16 kwa 9. Ukilaza simu ya 20 kwa 9, picha haijazi kioo, inabaki mistari myeusi kushoto na kulia. Kwenye kioo cha inchi 6.7, picha halisi ya mechi ni kama inchi 5.6. Kwenye kioo cha inchi 6.1, ni kama 5.1. Ile tofauti ya inchi 0.6 uliyoilipia imebaki 0.5 ukitazama Simba na Yanga. Ukivuta picha ijaze kioo, inakata juu na chini, na pale juu ndipo yalipo matokeo na dakika. Mtu anayetazama mechi kila wiki na hana televisheni, hiyo 0.5 inaweza kuwa na thamani kwake, simlaumu. Anayetazama mara moja moja asiitolee mkono wake sadaka.

Kuandika nako watu wanakuza mno. Safu ya herufi ina vitufe 10. Kwenye kioo cha upana wa milimita 65 kila kitufe kina 6.5, kwenye cha 70 kina 7. Nusu milimita. Utaizoea ndani ya wiki moja.

Mwenye boda anayebandika simu kwenye usukani aache kabisa habari ya inchi, aitoe nje juani saa saba mchana aone kama ramani inasomeka.

Ukishajua upana wako

Tatizo la kweli ni soko. Ukitaka simu mpya ya bei nafuu, Tecno, Infinix, itel au Galaxy za A, nyingi zina upana wa milimita 75 hadi 78. Galaxy A15 kwa mfano ni 76.8 na gramu 200. Nyembamba zipo kwenye madaraja ya juu: Galaxy S24 ni 70.6, iPhone 15 ni 71.6. Mwenye bajeti ndogo na mkono mdogo namshauri achukue iliyotumika, iPhone 12 au 13 za inchi 6.1 zenye upana wa 71.5, ila akague afya ya betri mbele ya muuzaji, kwa sababu simu ndogo ina nafasi ndogo ya betri na ikichoka unaihisi haraka. Yule mama wa Feri nilimbadilishia kwa ya upana wa 71. Za kukunja, kama Galaxy Z Flip, zinaingia kibindoni vizuri, lakini kioo chake kikiharibika gharama ni nzito, na mchanga wa ufukweni si rafiki yake.

Kama tayari unayo kubwa na huna uwezo wa kubadilisha, kuna ya kufanya leo. Washa hali ya mkono mmoja kwenye mipangilio. Android nyingi za karibuni zinayo, na iPhone nayo ina ya kwake, ukiiwasha unavuta chini ukingoni, sehemu ya juu ya kioo inashuka kwenye kidole. Kibodi isogeze upande wa kidole gumba chako. Programu unazofungua njiani, hasa ya pesa na ya meseji, zihamishie safu ya chini kabisa. Vua kava nene, vaa jembamba lenye ukingo unaopanda kidogo juu ya kioo. Na utie kamba ya mkononi. Inauzwa bei ndogo sana hapa mtaani, na kama kava lako lina tundu pembeni inaingia hapo hapo. Ivae kabla hujapanda gari.